Maua ya Kigali na Maji ya Bugarama

Mtu anayeingia Kigali kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa huanza kwa kusifia usafi, na ana haki. Alfajiri akina mama wenye vizibao vya kung'aa wameshashika mifagio. Kandokando ya barabara za Kacyiru na Kimihurura majani yamekatwa sawia, na vitalu vya maua vimenyweshwa tayari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mgeni kutoka kwetu, ambako mtaro wa mvua ndio jalala la mtaa, huondoka akisema kwamba Wanyarwanda wanapenda maua. Usemi huo naukubali kwa sehemu tu. Bogenvilia na jakaranda zinazopamba Kigali asili yake ni Amerika ya Kusini, kama zile zinazopamba Moshi na Nairobi. Zinastawi kwa sababu kuna mtu anayelipwa kuzipalilia, kuzipogoa na kuzinywesha. Zinatueleza mengi kuhusu uongozi wa jiji, wala si jambo dogo, lakini hazitwambii lolote kuhusu maua ya nchi yenyewe. Baada ya kuizunguka Kigali na kusikiliza wenyeji wake, ninachotaka kukitetea hapa ni hiki: ua la porini halilindwi na mapenzi ya watu, hata yakiwa makubwa kiasi gani. Hulindwa na maji na udongo linamoota, na anayetaka kujua hali ya maua ya nchi aache barabara kuu, ateremke mabondeni.

Ushahidi wa kwanza unatoka katika bonde lililo mbali na vilima vya Kigali. Bugarama, wilayani Rusizi, iko kona ya kusini-magharibi, mahali Rwanda inapokutana na Burundi na Kongo. Ardhi pale iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto lake linamkumbusha mtu Kigoma kuliko Kigali, na katika eneo la Mashyuza kuna chemchemi ya maji moto ambayo watu huiendea kuoga na kutafuta nafuu ya maumivu. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Eberhard Fischer, alikuta hapo yungiyungi ambalo sayansi haikuwa ikilijua. Mwaka uliofuata akalitangaza kwa jina la Nymphaea thermarum. Jenasi ya Nymphaea si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki: yungiyungi la buluu linaloelea kwenye mabwawa yetu limo humo, na yungiyungi jeupe lililochorwa na Wamisri wa kale limo humo pia. Hili la Mashyuza lilikuwa na tabia yake. Halikuelea kwenye kina cha maji kama ndugu zake. Liliota kwa vishungi vidogo kwenye tope lenye unyevu, pale maji ya chemchemi yalipomwagika na kupoa hadi nyuzi joto 25 hivi. Majani yake madogo yalifikia upana wa sentimita moja tu, nalo ua lake jeupe lenye kitovu cha njano lilifunguka asubuhi na kufumba mchana. Ukikumbuka kwamba jani la yungiyungi kubwa la Amazon hukaribia mita tatu, utaelewa kwa nini wataalamu walilishangaa. Ndilo yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana duniani.

Makazi yake yote yaliyojulikana yalikuwa mita chache za mraba. Halikuwindwa wala kuchumwa, na hakuna aliyelichukia; wengi waliopita hapo pengine hawakuliona. Maji yaliyokuwa yakimwagika kutoka kwenye chemchemi yalielekezwa kwingine kwa matumizi ya watu, tope likakauka, na kufikia mwaka 2008 hivi ua lilikuwa limetoweka porini. Huko nyuma Fischer alikuwa amepeleka mimea michache kwenye bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani, na mbegu zikafika Kew, London. Huko nako ilikuwa shida. Mbegu ziliota lakini miche ikafa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa wakulima wake waliizamisha majini kama wanavyofanya kwa mayungiyungi mengine. Mwaka 2009 Carlos Magdalena wa Kew alifumbua fumbo hilo. Alipanda miche kwenye udongo uliofikiwa tu na maji ya nyuzi 25, majani yakigusa hewa ili yapate hewa ya ukaa ambayo yanaihitaji, na ikastawi. Angalia siri yenyewe ilikuwa nini. Haikuwa mbolea wala dawa. Mmea uliokolewa siku ile mtu alipofanikiwa kuunda upya, ndani ya chungu, lile tope la Mashyuza.

Pingamizi la kwanza linajitokeza hapa hapa, na ni zito. Ikiwa ua lipo Kew na Bonn, limesalimika. Kwa nini basi tuhangaike na chemchemi? Tena, faida ya kulihifadhi kwenye bustani imeshaonekana. Kwa sababu ni dogo, hukua upesi na hujichavusha lenyewe, watafiti wamelifanya mmea wa kujifunzia. Mwaka 2020 walichapisha ramani ya jenomu yake ili kuelewa jinsi mimea itoayo maua ilivyoanza, maana ukoo wa mayungiyungi ulijitenga na mingine mapema sana katika historia ya maua. Haya yote ni kweli, nami sitaki kuzipunguzia heshima bustani hizo. Bila Bonn na Kew leo tungekuwa tunazungumzia mchoro wa kitabuni. Lakini ulinzi wa namna hiyo unategemea uzi mwembamba. Januari 2014 mche mmoja uling'olewa na mwizi kwenye nyumba ya kioo ya Kew. Kumbe kupendwa nako kuna hatari yake: ua ambalo halikuwa na thamani kwa yeyote lilipokuwa nyumbani, lilipata wezi mara tu lilipopata sifa. Zaidi ya hapo, mimea iliyotokana na wazazi wachache hubeba sehemu ndogo tu ya urithi wa spishi yake, na inayoishi kwenye chungu hupambana na maisha ya chungu, si ya bonde lenye ukame, wadudu na mafuriko. Kuwepo kwake Kew ni akiba nzuri, lakini akiba haichukui nafasi ya shamba.

Anayeshuku hoja hii na aje kwetu, Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alipeleka Ulaya mbegu za mmea mdogo wa misitu ya Usambara: kishungi cha majani yenye manyoya laini, ua la zambarau, wenye kupenda mwamba wenye kivuli na unyevu. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia ionantha. Sidhani kuna ua la Afrika Mashariki lililopendwa duniani kuliko hilo. Limezalishwa aina maelfu, limekaa kwenye madirisha ya Ulaya, Marekani na Japani, lina vyama vya wapenzi wake na mashindano yake. Kwa mantiki ya wale wanaosema mapenzi hulinda, jamaa hii yote ingepaswa kuwa salama kuliko mimea yote ya Tanzania. Haiko hivyo. Kwenye misitu ya Usambara, Nguru na Uluguru, na kwenye kilima cha Mbololo huko Taita, spishi kadhaa zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, na mti wa kivuli ukikatwa mwamba hukauka na ua hufa nao. Wataalamu nao wameendelea kubishana kuhusu idadi: kuna wakati spishi zaidi ya 20 zilikuwa zimepewa majina, baadaye wengine wakazipunguza zikawa chini ya kumi, na mwaka 2015 jenasi nzima ikaingizwa ndani ya Streptocarpus. Majina hubadilika vitabuni bila ua kupungukiwa kitu. Kinacholipunguza ni panga la mkata miti. Palipo na usalama, kama kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyoanzishwa mwaka 1997, usalama umetokana na msitu kuwekewa mpaka, wala si kwa sababu mama mmoja mjini Hamburg anamwagilia chungu chake vizuri.

Tanzania ina fundisho jingine la namna hii, nalo linahusu mnyama. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko, milimani Udzungwa. Mtambo wa umeme ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji yale iligeuzwa njia, na kufikia mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalia kwenye bustani za wanyama za Marekani, na aliporudishwa korongoni mwaka 2012, ilibidi mabomba ya kunyunyizia maji yafanye kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya bure. Huo ndio mwisho wa kweli wa kila uokozi wa mbali: siku ya kurudi nyumbani, swali ni lilelile la maji. Mwaka 2023 ikaja habari njema kwamba yungiyungi dogo limeonekana tena likiota porini, huko huko kusini-magharibi mwa Rwanda. Wengine wataichukua habari hiyo kama ruhusa ya kutulia. Mimi naisoma kama onyo. Mmea uliodhaniwa umekwisha ulikuwa umejibanza mahali fulani ambapo tope lilibaki tope, na mahali hapo hapakuchaguliwa na mtu kwa ajili yake. Bahati ya namna hiyo haijirudii kwa kuombwa.

Pingamizi la pili ni la tumbo, na ndilo linalostahili jibu la uangalifu zaidi. Huko Biryogo, mtaa wa Waswahili katika Nyamirambo ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni miaka mingi kabla Bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017, watu hukaa kwenye barabara iliyofungwa magari na kupakwa rangi, wakinywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Sahani zinazopita mezani hazimpotezi Mtanzania: mishikaki, ndizi za kupika, maharage, isombe ambayo ni kisamvu chetu kwa mkono mwingine, na wali. Mchele ndio unaonirudisha kwenye hoja. Bonde la Bugarama ni moja ya maeneo yanayojulikana zaidi Rwanda kwa kilimo cha mpunga, na Mashyuza ndiko zinakotoka malighafi za saruji ya CIMERWA, kiwanda kilichoanza miaka ya 1980 na ambacho saruji yake imesimamisha kuta nyingi za Kigali. Kwa maneno mengine, jiji hili linakula na kujengwa kutoka bonde lilelile lililozaa ua dogo. Nani basi atamwambia mkulima mwenye robo hekta kwamba maji yake ni haki ya ua? Hakuna, na hapaswi kuwepo. Lakini swali limeulizwa vibaya. Shamba la mpunga linadai maji ya hekta kwa hekta. Yungiyungi lilidai maji yanayolowesha eneo dogo kuliko ua wa msikiti. Hakuna gunia la mchele ambalo lingepungua kwa kuliachia kijito chake. Ua halikupotea kwa sababu watu walipima wakaamua kuchagua chakula. Lilipotea kwa sababu siku mfereji ulipochimbwa hapakuwa na kanuni iliyomtaka yeyote aulize nini kinaishi kwenye maji yanayohamishwa. Umaskini haukulazimisha hasara ile. Kilichokosekana ni swali tu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kulipatia ua soko, maana chenye bei hutunzwa. Kaskazini mwa Kigali, kwenye miteremko ya volkano za Virunga, kuna jibu linalopaswa kuwatuliza. Pareto, ua jeupe linaloota kwa mashada na kudumu miaka kadhaa shambani, lilitoka pwani ya Dalmatia ng'ambo ya Italia, na watu wa Iringa na Mbeya wanalijua sawa na wakulima wa Musanze na Nyabihu, kwa sababu vichwa vyake hukaushwa na kutoa dawa ya kuua wadudu. Ni zao la heshima na limesomesha watoto wengi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960, ili kupata ardhi ya kulipanda, karibu hekta 10,000 zilikatwa kutoka Hifadhi ya Volkano, zikiwa na msitu wa mianzi na makazi ya sokwe wa milimani. Kila mmea mdogo wa sakafu ya msitu ule, wenye jina na usio na jina, uliondoka pamoja na msitu. Bei ya ua iliongeza maua ya aina moja na kufukuza ya aina mia. Leo Rwanda inapanga kuipanua tena hifadhi hiyo, kwa sababu sokwe wameongezeka na wageni hulipa dola 1,500 kwa kibali kimoja cha kuwaona. Soko lina kazi yake, lakini hulinda kile kinachouzwa. Yungiyungi la sentimita moja halitavuta watalii wa kutosha kujaza basi dogo, na mpango wowote unaosubiri lilipe gharama zake lenyewe umeshaliandikia kifo.

Kigali ina ushahidi wa upande wa pili pia, na nisipoueleza nitakuwa nimeidhulumu. Kwa miaka mingi korongo wenye taji, ndege yule aliye kwenye bendera ya Uganda, walikamatwa kwenye vinamasi wakauzwa kuwa mapambo ya bustani za mahoteli na nyumba za wenye nacho. Walipendwa, na kwa kupendwa wakamalizwa. Shirika la uhifadhi lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana lilianza kuwatoa kwenye bustani hizo. Wenye uwezo wa kuruka walirudishwa porini, na wale waliokatwa au kuvunjika mbawa wakapewa Umusambi Village, kinamasi kilichofufuliwa pembezoni mwa jiji. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 porini Rwanda nzima. Miaka mitano baadaye walipita 1,000. Kinachonivutia zaidi ni kilichotokea kwenye ardhi yenyewe: kinamasi kilipoachwa kipumue, mafunjo na mimea ya majini ilirudi, na ndege wa aina nyingine wakaja bila kualikwa. Ndivyo ilivyo pia Nyandungu, upande wa mashariki wa jiji, ambako bonde lililokuwa limeharibiwa lilifufuliwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022 likiwa na ukubwa wa hekta zipatazo 120. Jioni familia hutembea humo na vijana hukodi baiskeli. Katika bonde la Gikondo viwanda vilihamishwa ili kinamasi kirudishiwe nafasi yake. Dar es Salaam, ambako bonde la Msimbazi hufurika na kuondoa watu kila masika, ingefaidika kutuma watu wake huku kujifunza, na wasianzie kwenye vitalu vya barabarani.

Mkosoaji atasema Nyandungu na Gikondo havikufufuliwa kwa ajili ya maua wala ndege, bali kwa hofu ya mafuriko. Nakubali kabisa, na kukubali huko kunaimarisha hoja yangu. Kumbuka kisa cha Rugezi, kinamasi kikubwa cha kaskazini. Kilipokaushwa na kulimwa, maji ya kuendesha mitambo ya Ntaruka na Mukungwa yalipungua, na kufikia mwaka 2004 Kigali ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme, ikichoma dizeli ya bei ghali. Serikali ikazuia kilimo ndani ya kinamasi, mwaka 2005 Rugezi ikaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, na maji yakarudi mitamboni. Hakuna aliyefanya hivyo kwa kuupenda mfunjo. Hata hivyo mfunjo ulipona, pamoja na kila kidogo kinachoishi kivulini mwake. Binadamu ana sababu zake nzito za kutaka maji yakae mahali pake: umeme, mafuriko, visima, samaki. Mmea mdogo hauhitaji tuupende. Unahitaji kusafiri ndani ya sababu hizo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba chemchemi ya Mashyuza haiendeshi mtambo na haifuriki mtaa, hivyo hofu ya jiji haiifikii. Ndiyo maana panahitajika kanuni, isiyotegemea hofu wala huruma.

Kanuni yenyewe haihitaji fedha za mashirika ya ng'ambo. Kila chemchemi, kijito na kinamasi katika nchi za Jumuiya yetu kipimwe, na kabla ya mfereji kuchimbwa sehemu ya maji ibaki kisheria mahali inapotokea, hata kama ni ya kulowesha mita kumi tu za tope. Afisa wa wilaya aorodheshe kinachoota hapo kabla hajatia sahihi. Mkulima anayepungukiwa maji kwa ajili hiyo alipwe, kama vijiji vinavyozunguka hifadhi za Rwanda vinavyogawiwa asilimia 10 ya mapato ya utalii. Nchi iliyoweza kuondoa mfuko wa plastiki mikononi mwa kila muuza duka, na kuhamisha viwanda ili kinamasi kirudi, haiwezi kusema kwamba kuacha kijito kimoja Bugarama kumeishinda. Nasi wa Tanzania na Kenya, wenye ua linalopendwa dunia nzima na misitu yake ikikatwa mbele ya macho yetu, hatuna pa kusimama kuihukumu. Tunaloweza kufanya ni kuacha kuhesabu maua ya barabarani kama kipimo cha jinsi nchi inavyotunza maua yake. Vitalu vile ni hesabu ya wafagiaji na bajeti ya jiji. Hesabu ya maua ya nchi inafanywa kwenye tope, na mwenye daftari lake ni yule anayeamua maji yaelekee wapi.